Informatiki Kisangani: kutoka MERISE hadi LMD

Mwezi wa Oktoba 1968, wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani, wakaipa kazi ya kuandika programu jina zito: uhandisi. Programu zilikuwa zinachelewa, zinakula pesa nyingi, kisha zinakwama mikononi mwa wateja. Wakati huo chuo kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963, kilikuwa bado kinajikusanya baada ya uasi wa Simba. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa UNAZA. Mwaka 1981 kikasimama peke yake tena, kwa jina la UNIKIS.

Informatiki ilifika Kongo kwa njia ya Kifaransa, na alama yake ni MERISE, mbinu iliyobuniwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilitungwa kwa ajili ya maofisi makubwa: chora data yote, chora kazi zote, ndipo uandike programu. Si mbinu mbaya. Anayeijua vizuri hapotei mbele ya data. Lakini mwanafunzi wa Kongo aliyeandika TFC mara nyingi alijaza kurasa za michoro, na programu yenyewe ikaja mwishoni, pengine kwa Visual Basic 6 ya mwaka 1998, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2008. Kitabu kinafungwa vizuri, kinatetewa mbele ya walimu, kinawekwa kabatini. Programu haipati mtumiaji hata mmoja.

Huko nje, hasa tangu 2001, timu nyingi zimegeukia hatua fupi: andika kidogo, jaribu, mwonyeshe mteja, rekebisha. Mwaka ule Kisangani ilikuwa inahesabu hasara. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 ndani ya mji kwa mabomu mazito. Nani angefikiria kubadili masomo?

Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua mlango wa LMD, na utekelezaji wa nchi nzima ukaanza mwaka wa masomo 2021-2022. Graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 zikaacha nafasi kwa licence ya miaka 3 na master ya miaka 2. Hesabu ya miaka ni ileile 5. Kinachobaki kupiganiwa ni yaliyomo darasani.

Wengine husema intaneti na umeme wa SNEL haviruhusu. Sababu hiyo ni nusu tu. Git, chombo cha kutunza historia ya programu kilichoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya kazi bila intaneti: mwanafunzi anaipakua mara moja, anafanya kazi wiki nzima kwenye kompyuta yake, na siku mtandao ukirudi anawatumia wenzake.