Maski ya Kuangalia Samaki

Jana usiku nilikuwa nafungasha begi la kwenda Watamu. Mapezi ya mpira chini kabisa, mrija wa kupumulia ubavuni, na maski mpya ndani ya taulo. Kioo chake nilikuwa nimekisugua na dawa ya meno kutoa yale mafuta ya kiwandani. Dani, nyanya yangu, akaichukua, akaigeuzageuza.

"Nyakwara, hii ni ya nini?"

"Ya kuangalia samaki."

"Kwani hapa Dunga hakuna samaki?"

Nikacheka, lakini swali likanikaa. Kutoka Kisumu ni basi hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha matatu. Safari yote hiyo kuona samaki, na mimi nimezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika! Jibu rahisi ni kwamba maji yetu ni machafu. Sawa, lakini uchafu nao una historia.

Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham alikuja kuchunguza uvuvi wa ziwa hili, pamoja na kijana aitwaye E. B. Worthington. Kupima uangavu wa maji si kazi ngumu: unashusha sahani kwa kamba mpaka isionekane tena. Mbali na ufuo, enzi za Worthington, sahani ilionekana hadi mita 7 hivi. Kufikia miaka ya 1990, mara nyingi ilipotea kabla ya mita 3. Ghuba letu la Winam lina kina kifupi na linapokea mito, kwa hivyo halikuwa kioo hata zamani. Lakini ziwa lote lilififia.

Nini kilitokea? Misitu ilikatwa, na mito kama Nyando ikabeba udongo na mbolea. Miji ikamwaga maji taka. Mwani ukanenepa. Graham mwenyewe alitahadharisha mwaka 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti kungekuwa hatari kubwa. Miaka ya 1950 mbuta aliletwa hata hivyo. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa. Pesa ziliingia, ni kweli. Lakini fulu, wale wadogo wa zaidi ya aina 500, wakaliwa. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Tena fulu alikaushwa juani tu, ila mbuta ana mafuta, anataka moshi, na moshi unataka kuni. Miti zaidi ikaanguka.

Kuna hasara nyingine iliyoniuma zaidi. Upande wa Mwanza kuna fulu anayeitwa Pundamilia nyererei, jina la heshima kwa Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu. Binamu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa samawati. Jike huchagua mume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa matope, jike haoni tofauti, anachagua yeyote, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Yaani si sisi tu tuliokosa kuona. Samaki wenyewe walishindwa kuonana.

Kule pwani, mwaka 1968, serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Ndiyo maana leo kuna kitu cha kuangalia na maski yangu. Si ati Mungu aliipenda pwani kuliko Nyanza. Watu waliamua kulinda, na huku watu waliamua mengine.

Dani hakunisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anakumbuka fulu waliokauka, mafungu sokoni, wengine hata majina yao yamemtoka. Akaniuliza maski ikiingia ukungu unafanyaje. Nikamwambia unatema mate ndani, unasugua, unasuuza, unaona tena.

"Mate tu?"

"Mate tu."

Akatazama upande wa ziwa, akanirudishia maski. "Basi hilo letu litataka watu wengi."