Mto Malagarasi na Jina Lake

Misafara ya pwani, ikiisha kupumzika Tabora, ilikuwa na mto mmoja mkubwa wa kuvuka kabla ya kufika Ujiji, nao ni Malagarasi. Mwendo wake ni wa ajabu. Chimbuko lake li katika milima ya mpakani mwa Burundi, karibu na Ziwa Tanganyika, lakini mto waligeuzia ziwa kisogo, washika njia ya kaskazini-mashariki, waingia vinamasi vikubwa unapokutana na Moyowosi, kisha warudi magharibi kwa Uvinza hata kumwaga maji yake ziwani karibu na Ilagala. Urefu wake wapata kilometa 475.

Wasafiri wa zamani hawakuujua mzunguko huo; waliujua kivuko. Wavinza ndio waliokuwa na mitumbwi, nao walitoza hongo ya nguo. Burton na Speke walivuka mwaka 1858. Stanley mwaka 1871, na punda wake mmoja akakamatwa na mamba alipokuwa akivushwa.

Basi jina liliingia vitabuni kutoka kivukoni. Burton aliandika Malagarazi, kwa z. Huko Burundi mto uo huo waitwa Muragarazi. Kirundi hupenda r, na Kivinza ni jamaa yake. Kinyamwezi, lugha ya wapagazi wengi, hutumia l, wala r si sauti yake. Jina la ramani lina l na r pamoja! Sidhani kwamba limetoka katika kinywa kimoja. Kwa maoni yangu ni jina la njiani: mwenye mtumbwi alilitamka, mpagazi akaligeuza, mwandishi akashika nusu ya huyu na nusu ya huyu.

Ugalla, mto unaokuja kutoka kusini, una shida nyingine: Ugala ni nchi ya Wagala, na l ya pili ni ya kalamu tu.

Moyowosi nao haujatulia hata leo. Mwaka 2000 ardhi oevu ile iliandikishwa katika orodha ya Ramsar kwa jina la Malagarasi-Muyovozi, hali pori la akiba laandikwa Moyowosi.

Mwalimu hana budi kufundisha jina la ramani, maana ndilo litakaloulizwa katika mtihani. Lakini awatume watoto kwa wazee wao, kisha kando ya kila jina waandike kijiji lilikosikiwa. Jina lisiloandikiwa mahali pake halimfai mchunguzi wa lugha, na wazee wanaoyajua ya vijito vidogo, visivyomo katika ramani yo yote, wanapungua.