Tapeti Zikinyamaza

Gari la mjomba wangu lilikuwa na kelele. Lilikuwa pikapu ya Peugeot 504, na lilipiga tak-tak-tak kutoka stejini Voi mpaka Wundanyi, abiria wakiulizana kama litafika. Mjomba aliona aibu. Watu wa rika lake walikua wakisikia Peugeot ikitajwa pamoja na Safari Rally: 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Ule mwaka wa 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Halafu 504 ikashinda 1975. Gari la ukoo huo lilie kama cherehani?

Fundi wetu, mzee mmoja wa hapo Voi, alikuwa na jibu lilelile kila siku. "Hiyo kelele wacha. Ikinyamaza ndio uogope."

Alinifundisha kuseti tapeti asubuhi, injini ikiwa baridi. Unazungusha injini mpaka vali ya ekzosi ya silinda namba moja ifunguke kabisa, ndipo unaseti vali ya kuingiza hewa ya namba tatu na ekzosi ya namba nne. Kitabu kilisema milimita 0.10 kwa vali ya kuingiza na 0.25 kwa ekzosi, kwa sababu ekzosi ndiyo inayopitiwa na moto, na chuma kikipata moto kinarefuka. Lakini mzee aliacha ekzosi kwenye 0.30. Nilidhani ni uvivu, au macho.

Nafasi ikizidi, vali hufunguka imechelewa na kufunga mapema. Injini inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua, na roka inagonga mkia wa vali mpaka zote mbili zinachimbika. Hasara hiyo unaisikia. Nafasi ikikosekana, vali haikai sawasawa kwenye kiti chake. Vali ya ekzosi hutoa karibu robo tatu ya joto lake kupitia kiti hicho, katika ile dakika ndogo imefunga. Ikinyimwa kugusa, inaungua, na haisemi kitu.

Mzee alikuwa na sababu nyingine, nayo ilianzia mbali. Mwaka 1921 Thomas Midgley, wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini isigonge. Risasi hiyo ilifanya na kazi ambayo wenye magari wengi hawakuijua: iliacha utando mwembamba kwenye viti vya vali, vali ikatua juu ya utando badala ya kutua chuma kwa chuma. Pia ilikuwa sumu, kwa watoto hasa. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likasukuma kazi hiyo. Kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka kwenye vituo vyetu. (Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021.) Silalamiki. Ilikuwa haki iondoke.

Ila kwa injini za zamani zenye viti laini, vali zilianza kuzama, hasa gari likibebeshwa mzigo na kupandishwa mlima. Vali ikizama, mkia wake unapanda kuelekea roka, na nafasi inajifunga yenyewe bila mtu kushika bisbisi. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Wundanyi imepita 1,300, na ukishatoka Mwatate ni kona juu ya kona. Ile 0.05 ya ziada ya mzee ilikuwa akiba ya kuzamia.

Mimi sikuuliza. Katikati ya mwaka huo wa 2006, Jumapili moja, mjomba akiwa kanisani, nilifungua kifuniko nikakaza zote mpaka kelele ikaisha. Hata fila geji ya 0.10 ilikataa kupita kwenye ekzosi. Jumatatu gari likawaka kimya, tamu kabisa, na mjomba akanipigia makofi begani. "Mzee amejirekebisha," alisema. Nikanyamaza nami.

Wiki ya tatu, juu ya Mwatate, abiria wamejaa na magunia ya kabeji, gari likaishiwa nguvu. Tulipong'oa silinda hedi, ekzosi ya namba tatu ilikuwa imemegeka ukingoni kama biskuti iliyoumwa. Mjomba alimlaumu mzee mbele ya watu, akahamishia gari kwingine.

Nilimwendea mzee baada ya mwezi, na ile vali mfukoni. Aliigeuza kwenye mwanga. Hakuuliza ni nani.

"Uliweka ngapi?"

Nikamwambia. Akanirudishia vali, akaendelea kuosha mikono kwa petroli, ile mpya isiyo na risasi. Mjomba sijamwambia mpaka leo.