Siku ya tatu, tarehe 30 Oktoba 1974: ngumi Kinshasa, makuta mfukoni

Wazee wetu wakiulizwa juu ya mwaka 1974, wengi wanajibu kwa jina moja: Ali. Hata mtu ambaye hajawahi kufika Kinshasa anajua kupaza sauti: "Ali, boma ye!" Leo turudi katika siku ile, siku ya tatu, yaani Jumatano, tarehe 30 Oktoba 1974. Tutazame ngumi, muziki na habari za redio, kisha tufungue mfuko wa mtu wa kawaida tuhesabu pesa iliyokuwamo. Siku ile ilibeba habari mbili. Ya kwanza ilitangazwa dunia nzima. Ya pili haikupigiwa ngoma, lakini ndiyo iliyoingia baadaye katika kila nyumba, kuanzia Matadi mpaka Uvira.

Saa kumi za usiku

Pigano la Muhammad Ali na George Foreman lilianza saa kumi za usiku, saa ya Kinshasa. Kwetu huku mashariki ilikuwa saa kumi na moja, jogoo wamekwisha kuwika. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya Wakongomani. Ilichaguliwa kwa ajili ya Marekani, ambako ilikuwa bado saa nne za usiku tarehe 29, watu wamejaa katika majumba ya sinema kutazama pigano kwa kulipa.

Uwanja uliitwa Stade du 20 Mai, kwa kumbukumbu ya siku ambayo chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967. Leo unaitwa Stade Tata Raphaël. Watu wapatao 60,000 waliingia humo usiku ule. Foreman alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia, ameshinda mapigano yote 40 aliyopigana, na 37 kati yake aliyamaliza kwa kumwangusha mwenzake. Ali alikuwa na miaka 32. Alikuwa amenyang'anywa taji lake mwaka 1967 kwa sababu alikataa kwenda vita vya Vietnam. Wengi walimwona kama mtu aliyekwisha.

Lakini Kinshasa ilikuwa ya Ali. Alitembea mitaani, akacheza na watoto, akawaambia watu kwamba amerudi nyumbani. Foreman alikuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani. Inasimuliwa kwamba watu walipomwona mbwa yule, walikumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji.

Ndani ya ulingo Ali alifanya jambo ambalo hata watu wake hawakulitegemea. Aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Katika raundi ya nane, Foreman akiwa amelegea, Ali alimpiga ngumi za haraka, na bingwa akaanguka. Muda mfupi baada ya pigano, mvua kubwa ya Oktoba ilinyesha, uwanja ukajaa maji. Mobutu mwenyewe hakufika uwanjani. Alitazama kwenye televizyo.

Muziki ulitangulia

Pigano hilo lilipaswa kufanyika tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, na tarehe ikasogezwa mbele wiki tano. Wanamuziki wao walikuwa wamekwisha kualikwa, na hawakuweza kungoja. Kwa hiyo tamasha la Zaïre 74 lilifanyika tarehe 22 mpaka 24 Septemba, kabla ya ngumi.

Katika jukwaa lile walipanda James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz pamoja na Fania All-Stars, na mama Miriam Makeba. Upande wetu walikuwapo Franco na T.P. OK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na Abeti Masikini. Leo mtu akisikia majina hayo yote katika usiku tatu za muji mmoja, atadhani ni hadithi. Lakini kamera zilikuwapo. Filamu juu ya pigano, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, na ile ya tamasha, Soul Power, ilitoka mwaka 2008. Vijana wanaotaka kuwaona wazazi wao walivyovaa na kucheza wakati ule, wazitafute.

Mwaka ule haukuwa na furaha tu. Mwezi wa Machi timu ya Leopards ilichukua kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, hesabu ambayo haijafikiwa na mchezaji mwingine katika kombe moja la Afrika. Mwezi wa Juni timu hiyo hiyo ilikwenda kombe la dunia Ujerumani Magharibi. Ilifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, na 3 na Brazil, bila kupata bao hata moja. Kwa hiyo ushindi wa Ali, mgeni aliyepokelewa kama mtoto wa nyumbani, ulikuja kupoza uchungu.

Redio ilisema nini

Kwa mtu wa Bukavu, Goma au Uvira, Kinshasa ilikuwa mbali, kama kilomita 1,500 kwa ndege. Televizyo ilikuwa ya wachache sana. Redio ndiyo iliyoleta dunia ndani ya nyumba. La Voix du Zaïre ilitangaza kwa Kifaransa na pia kwa lugha zetu nne, Kiswahili kikiwemo. Mwenye redio nzuri alikamata pia Dar es Salaam, au idhaa ya Kiswahili ya BBC, na majirani walikuja kukaa mlangoni kwake.

Habari za majira yale zilikuwa nzito. Mwezi wa Agosti rais Nixon wa Marekani alikuwa amejiuzulu. Mwezi wa Septemba wanajeshi walimwondoa mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Huko Ureno serikali ya zamani ilikuwa imeanguka mwezi wa Aprili, na kwa hiyo Angola, jirani yetu, ilikuwa inakaribia uhuru: mwezi ule ule wa Oktoba vyama vya FNLA na MPLA vilikubaliana na Wareno kusimamisha vita. Na hapa karibu, wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walikuwa bado upande wetu wa Uvira. Kuhama, ndugu zangu, si jambo la leo katika bonde la Ruzizi.

Nchini kwenyewe, habari zilianza na mtu mmoja. Kwenye televizyo uso wa Mobutu ulionekana ukitoka mawinguni kabla ya habari za jioni. Majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa, wanaume walivaa abakosti badala ya koti na tai, na mtu alipaswa kuitwa citoyen. Mwaka ule ule serikali iliamua kwamba Noeli haitakuwa tena siku ya mapumziko.

Pesa ya siku ile

Sasa tufungue mfuko. Pesa iliitwa zaïre. Ilianza mwezi wa Juni 1967, ikachukua nafasi ya franka. Zaïre 1 ilikuwa na makuta 100, na likuta 1 ilikuwa na sengi 100. Ndiyo sababu hadi leo watu wengi wa kwetu wanasema "sina makuta" wakimaanisha hawana pesa yoyote, hata kama hawajawahi kushika likuta lenyewe.

Tarehe 30 Oktoba 1974, kwa hesabu ya serikali, zaïre 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Msomaji asidhani nimekosea kupanga: zaïre moja, dola mbili. Noti kubwa ilikuwa ya zaïre 10, yaani dola 20. Mama sokoni alihesabu kwa makuta, na sarafu ndogo ilinunua kitu.

Ali na Foreman kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Jumla milioni 10, yaani zaïre milioni 5. Serikali ilitaka dunia ilijue jina la Zaïre, na dunia ililijua.

Habari isiyotangazwa

Pesa hiyo ilisimama juu ya nini? Ilisimama juu ya shaba ya Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya nusu ya pesa za kigeni za nchi zilitoka huko. Mwezi wa Aprili 1974 bei ya shaba katika soko la London ilifika juu kuliko wakati wowote kabla yake. Kisha ikaanza kushuka, na mwaka ulipoisha ilikuwa chini ya nusu. Usiku ule watu wakiimba jina la Ali, bei ilikuwa tayari inateremka. Upande wa pili, mafuta yaliyonunuliwa nje yalikuwa yamepanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu dola 12, kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo Kivu inalijua vizuri. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kazi nyingi za wageni zitapewa wananchi. Iliitwa zairianisation. Mashamba ya kahawa na chai, na maduka ya Wagiriki, Wahindi na Wabelgiji, yalipewa watu walioitwa acquéreurs. Wengi wao walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Kuna waliouza mali yote iliyokuwa ndani ya duka, wasinunue nyingine. Rafu zikabaki tupu, na kitu kikiwa haba bei inapanda. Mwaka 1976 serikali iliwaita wenye mali wa zamani warudi, lakini wengi hawakurudi.

Kuanzia hapo pesa iliugua. Mwezi wa Machi 1976 zaïre ilishushwa, kutoka dola 2 hadi dola 1 na senti 15 hivi. Mwishoni mwa Desemba 1979 noti za zaïre 5 na 10 zilifutwa, na watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha. Mwenye kuishi mbali na banki angefanya nini? Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaïre milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa nayo wakakasirika, na Januari 1993 wakapora Kinshasa. Watu wengi walikufa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo zaïre milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaïre mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franka ya leo: franka 1 kwa zaïre mpya 100,000.

Tufanye hesabu ya mtu wa kawaida. Tuseme mkulima alikuwa na akiba ya zaïre 100 siku Ali aliposhinda. Ni dola 200. Tuchukulie hata kwamba aliwahi kubadilisha noti zake mwaka 1979. Mwaka 1993, wakulima 30,000 kama yeye wangeunganisha akiba zao zote ili kupata zaïre mpya 1, ambayo yenyewe ilikuwa theluthi moja ya dola. Na zaïre zilizoingia ndani ya franka 1 ya mwaka 1998 ni bilioni 300.

Tuwaulize wazee

Vitabu vimeandika kila ngumi ya raundi ile ya nane. Makuta ya chumvi, sabuni na kitenge ya siku ile hayakuandikwa sana. Yako katika vichwa vya wazee, na wengine kati yao wako leo kambini, au wanalala katika familia zilizowapokea. Mtu aliyekimbia na kifurushi kichwani aliacha nyumba, shamba na karatasi zake. Bei anazokumbuka alikuja nazo.

Kwa hiyo kijana, jioni hii muulize babu au koko: mwaka wa Ali, kilo ya chumvi ilikuwa makuta ngapi? Mwalimu alinunua nini kwa mshahara wake? Duka la karibu lilikuwa la nani, na baada ya 1973 likawa la nani? Andika majibu, na jina la kijiji. Kisha andika pembeni bei ya leo ya unga, ya sombe na ya makala mahali ulipo, pamoja na tarehe. Siku moja mtoto wako atataka kujua tuliishi vipi mwaka huu, na habari kubwa za redio peke yake hazitamtosha.