Namba za Ubavuni: Historia ya tairi na rimu katika vilima vya Rungwe

Kila tairi linalopita Tukuyu lina namba ubavuni, na wengi wetu huzisoma siku ya kununua jipya tu. 195/65R15. 215/45R17. 225/40R18. Vijana wa Tukuyu, Kiwira na Ushirika wanaoendesha Mark II, Altezza na Mark X huzijadili kwa bidii, maana wana swali moja: gari hili nilivalishe rimu ya ngapi? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko magari yao. Wenye Land Rover walilijibu, wenye Peugeot wakalijibu, na kila kizazi kilijibu kwa barabara iliyokuwepo.

Barabara ndiyo itazamwe kwanza. Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Langenburg, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwanzoni mwa karne iliyopita, walipanda hadi hapa na kupaita Neu-Langenburg. Walipata baridi na hewa safi, lakini walipata pia mvua. Tukuyu hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukifikia. Udongo wake ni wa volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo, unaozaa migomba na chai bila kubembelezwa, na ukilowa huteleza vibaya. Halafu kuna mlima wenyewe: kutoka Kyela hadi Tukuyu gari hupanda zaidi ya mita 1,000, kisha huendelea kupanda kuelekea Isyonje kabla ya kushuka Uyole.

Tairi la upepo lilikuwa bado changa wakati huo. Robert William Thomson alipata hataza yake mwaka 1845, lakini wazo likalala hadi 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipolifufua kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Miaka 19 baadaye, Agosti 1907, Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa na kufika Swakopmund, upande wa pili wa bara, Mei 1909. Ukitazama gari la aina ile utaona magurudumu marefu na membamba. Umbo hilo lilikuwa na kazi. Gurudumu refu hupanda juu ya jiwe na kuvuka shimo ambalo gurudumu fupi lingetumbukia. Wembamba nao hulifanya tairi lipasue tope laini hadi likute ardhi ngumu chini, badala ya kuelea juu na kuzunguka bila kwenda.

Elimu hiyo ndiyo iliyoendesha Rungwe kwa miongo mingi baada ya Waingereza kuuchukua mji mwaka 1916. Land Rover fupi za mwanzo zilivaa 6.00-16, ndefu zikavaa 7.50-16: inchi saba na nusu za upana, juu ya rimu ya inchi 16. Malori yalivaa inchi 20. Chai ndiyo iliyowalazimisha madereva kuyajua matairi kwelikweli. Kahawa iliyokaushwa inaweza kungoja mvua ipite. Jani bichi la chai haliwezi. Likishachumwa linatakiwa kufika kiwandani siku hiyohiyo, mvua inyeshe au isinyeshe, kupitia njia za mashambani zenye miteremko na makorongo. Lori lenye tairi lisilofaa lilimaanisha chai iliyoharibika njiani.

Gari dogo la mwendo nalo lilikuwa na wakati wake. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikiitwa Coronation Safari, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa magari ya kawaida yanayouzwa dukani. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell walizishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Ninaitaja 404 kwa makusudi. Ilikuwa gari la familia la milango minne, lenye tairi jembamba lenye ubavu mrefu na springi laini, na liliwaacha nyuma washindani kwenye tope na mawe ya Afrika Mashariki. Peugeot 404, na baadaye 504, zikawa gari la mkubwa wa ofisi na teksi ya masafa katika nchi nzima. Mtu akitaka kujua gari la spoti la barabara zetu lilikuwaje kabla ya Wajapani, jibu ni hilo.

Mwaka 1969 serikali ilianzisha kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kwa ubia na kampuni ya Marekani ya jina hilo, na uzalishaji ukaanza mwaka 1971. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro, yalihusishwa nacho. Kwa mara ya kwanza tairi la Tanzania lilipanda vilima vya Rungwe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka, tairi likawa bidhaa ya kutafutwa. Hapo mtu hakuchagua saizi. Alivaa alichopata, akaweka kiraka juu ya kiraka kwenye tyubu, na lilipokwisha kabisa likakatwa katambuga. Kiwanda kilisimama mwaka 2009, na naona hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunavyoikumbuka: tulipoteza ajira, na tulipoteza pia mahali palipoweza kutengeneza tairi kwa kuzijua njia zetu.

Namba zenyewe zilibadilika katika kipindi hichohicho. Michelin walisajili tairi la radiali mwaka 1946, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kupishana kimshazari. Tairi hilo hupata joto kidogo, hudumu zaidi, na hushika kona vizuri. Ndiyo maana ya R katika 195/65R15. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mara nyingi hufuatwa na kitu kama 91V: 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi moja, V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Katikati ya miaka ya 1970 Pirelli walitoa P7, tairi pana lenye ubavu mfupi kwa magari ya mbio na Porsche, na tangu hapo ubavu mfupi ukawa alama ya gari lenye kasi.

Sisi tulikutana na alama hiyo kupitia bandari. Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na hasa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika. Kule kulikuwa na desturi kubwa ya kubadilisha rimu. Enkei walikuwepo tangu 1950, RAYS tangu 1973, na BBS wa Ujerumani, walioanza mwaka 1970, walipendwa sana. Gari lilishuka Dar es Salaam likiwa bado limevaa alichochagua mwenyewe wa kwanza, kwa ajili ya lami ya Osaka au Nagoya.

Mark II za GX90 na GX100 nyingi zilikuja na 195/65R15. Zile za Tourer V zilikuwa na 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma. Kisha ikaja Altezza, iliyotoka mwaka 1998, na RS200 yake ilivaa 215/45R17 kutoka kiwandani. Mark X ilifuata mwaka 2004, na hapo rimu ya 18 ikaanza kuonekana ya kawaida hata kwenye maegesho ya Tukuyu. Ni gari zuri. Linapanda Kiwira bila kuhema, na linastahili kuvalishwa vizuri.

Hesabu ya kuvalisha ni rahisi, na fundi wa tairi mwenye kalamu anaweza kuifanya papo hapo. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, kisha mara mbili, ongeza kipenyo cha rimu ukihesabu milimita 25.4 kwa kila inchi. 195/65R15 inakupa kimo cha milimita 634 na ushei. 205/55R16 ni 632. 215/45R17 ni 625. 225/40R18 ni 637. Zote ziko karibu, kwa hiyo spidi mita haitadanganya na gia hazitachoka. Ila mtu akinunua 225/45R18, tano tu zaidi kwenye namba ya kati, kimo kinafika karibu 660. Spidi mita ikisema 100, gari liko 104. Mlimani injini inakuwa nzito, na tairi hugusa fenda gari likibeba watu wanne na mkungu wa ndizi kwenye buti.

Kimo kikiwa kilekile, kinachopungua ni ubavu. Kwenye 195/65R15 una karibu milimita 127 za mpira na upepo kati ya rimu na shimo. Kwenye 225/40R18 una 90. Zile 37 zilizoondoka ndizo zilizokuwa zinapokea pigo. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu hubeba malori ya Malawi na ya ndizi mchana na usiku, na kingo za lami huliwa na mvua. Ukipishana na lori kwenye kona ukalazimika kuteremka pembeni, ukingo huo unapiga rimu moja kwa moja. Rimu ya chuma hupinda, na fundi huinyoosha kwa nyundo. Rimu ya spoti hupasuka, na ile iliyochomelewa sijawahi kuiona kama kitu cha kumwekea mtoto juu yake.

Kuna mvua pia. Tairi pana lina kazi kubwa ya kusukuma maji pembeni, na likishindwa, gari huelea juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Mchana wa Machi pale Kiwira, 195 yenye kashata nzuri ni salama kuliko 225 iliyoanza kuwa kipara. Baridi nayo ina sehemu yake: joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, presha hupungua takriban pauni moja na nusu, na tairi la ubavu mfupi halina akiba ya kusamehe. Aliyejaza upepo kwenye joto la Kyela apime tena asubuhi ya Julai Tukuyu.

Anayedhani haya ni maneno ya wazee waoga, atazame mbio za dunia. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Sébastien Ogier akaishinda kwa Toyota Yaris, magari yale ya mabilioni yalivaa 205/65R15. Mashindano yakiwa ya lami, magari hayohayo huvaa rimu ya 18. Madereva bora kuliko wote, wakikanyaga vumbi na mawe ya Afrika Mashariki hurudi kwenye inchi 15 na ubavu wa 65. Ni namba ya jirani kabisa na ile iliyokuja na Mark II.

Ukubwa ukishaamuliwa, bado rimu inabidi ikae. Mark II, Altezza na Mark X zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na kitovu cha 60.1. Impreza nyingi za zamani zina duara la 100 na kitovu cha 56.1, kwa hiyo rimu zake hazikai hata zikipendeza. Kutoboa matundu mapya ni kuhatarisha maisha. Tazama pia namba ya ET iliyogongwa kwenye rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye kitovu. Altezza ilikuja na upana wa inchi 7 na ET50. Ukiweka ya inchi 8 yenye ET30, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 33 kuelekea fenda, na beringi zinaanza kubeba mzigo ambao hazikupimiwa. Na nati: rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununua zinataka nati ya koni. Ukichanganya, nati hulegea njiani. Mwisho, soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzima na mpira uliozeeka.

Kwa mwenye Mark II au Altezza anayekaa Tukuyu na kwenda Mbeya au Kyela kila wiki, naamini jibu ni 205/55R16. Ubavu wa milimita 113 unatosha kwa mashimo ya lami, kona zinashikwa vizuri kuliko kwenye 15, na gari linajaza fenda zake kwa heshima. 17 iende kwa anayebaki kwenye lami mchana na kuijua kila kona. Anayeelekea Lwangwa na Mbambo mara kwa mara, huku lami ikiwekwa vipande kwa vipande, abaki na 15. Na zile rimu za 18 zilizokuja na gari kutoka Japani zina bei nzuri Dar es Salaam. Fedha yake hununua seti nzima ya matairi mapya ya 16, na mara nyingi hubaki ya alaimenti na balansi.