Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto: Serikali na Chakula cha Kununua katika Nachingwea na Ruangwa

Waswahili wa zamani walipopima nafaka kwa kibaba walikuwa na namna mbili za kupima. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kwa mkono au kwa kijiti, kikawa sawa na ukingo wake. Chombo ni kimoja, bali chakula si kimoja, na tofauti yote i katika mkono wa mwenye kufuta.

Historia ya amri za serikali juu ya chakula cha kununua katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa yaweza kusomwa kuwa historia ya mkono huo. Ni mara chache sana amri hizo zilimwambia mlaji ale nini. Zilitaja uzito, bei, nyumba na leseni. Walakini kwa njia hiyo ya kuzunguka zilibadili chakula chenyewe, na pamoja nacho maneno ambayo watu hukitajia.

Wenyeji wa nchi hii ni Wamwera hasa, na pamoja nao wamo Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Chakula chao cha asili ni mtama, mahindi na muhogo, pamoja na mbaazi, kunde na choroko. Na msimu ukiwa mbaya, watu huingia porini kuchimba ming'oko. Katika vijiji hivyo chakula kilichopikwa hakikuwa bidhaa. Mgeni alikaribishwa akala, na kumtaka alipe kungekuwa aibu kwa mwenye nyumba. Kula kwa malipo kulitoka katika miji ya pwani, kama Lindi, Mikindani na Kilwa, na katika njia za misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda bahari. Neno mkahawa lina asili yake katika kahawa, kwa maana palikuwa pahali pa kunywea kabla hapajawa pahali pa kulia. Neno hoteli lilikuja baadaye na Waingereza, na katika Kiswahili likashuka cheo mara moja: jumba la wageni wa kulala likawa pia kibanda cha chai na maandazi.

Katika misafara hiyo ndimo posho ilimojengeka. Mpagazi alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kadiri ya ratili moja na nusu. Hakuchagua nafaka, wala hakushika kibaba. Neno hili limesafiri kwa namna ya kustaajabisha. Katika Uganda posho imekuwa jina la ugali wenyewe. Katika Kenya kinu cha kusagia mahindi huitwa kinu cha posho. Na katika Tanzania posho imekuwa fedha apewayo mtumishi kwa safari au kwa kikao. Popote liendapo, neno halikupoteza maana yake ya ndani: ni kile upewacho kwa kipimo cha mwingine.

Ili kufahamu jinsi mji wa Nachingwea ulivyozaliwa, hapana budi kwanza kutazama meza za London. Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda Wizara ya Chakula, na mwezi Januari 1940 ikaanza mgawo wa nyama ya nguruwe, siagi na sukari. Mgawo huo uliwashika watu nyumbani mwao, lakini aliyekula hotelini hakukatwa chochote katika hati yake. Kwa hiyo maskini alikula kipimo chake, na tajiri alikula kipimo chake kisha akaenda hotelini kula tena. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Mwaka 1942 ikatoka amri: chakula cha hotelini kisizidi shilingi tano, wala kisizidi sahani tatu kwa mlo mmoja, na katika hizo sahani kuu ya nyama au samaki iwe moja tu. Hoteli kubwa ziliruhusiwa kutoza nyongeza kwa ajili ya nyumba na starehe zake, na hivyo mwenye fedha hakukosa mlango wa kupitia. Hata hivyo, kanuni yenyewe ilikuwa wazi, kwamba hata katika kula kwa malipo kibaba kiwe cha mfuto kwa wote. Pamoja na amri hiyo, serikali ilifungua migahawa yake ya bei nafuu, ambayo ilizidi 2,000 mwaka 1943. Amri ya shilingi tano ilidumu hata mwaka 1950.

Katika Tanganyika ya wakati huohuo mgawo ulikuwapo pia, ila ulifutwa kwa kijiti kingine. Katika Dar es Salaam watu walipangwa kwa asili zao. Unga wa mahindi ulihesabiwa kuwa ndio chakula cha Mwafrika, na mchele na ngano vikahesabiwa kuwa vya watu wa asili nyingine. Mswahili wa pwani, aliyezaliwa akila wali, aliambiwa na karatasi kuwa yeye ni mla ugali. London mgawo ulikusudiwa kupunguza tofauti ya tajiri na maskini. Dar es Salaam uligeuza tofauti za watu kuwa sheria ya tumbo.

Vita vilikwisha, na njaa ya mafuta haikwisha. Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia na ya kutengenezea majarini, na mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ukazuru nchi mwaka huohuo. Katika mwezi Februari 1947 Serikali ikatangaza mpango wake: eka 3,210,000 zilimwe kwa gharama ya pauni milioni 25, katika Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ilichaguliwa kuwa makao. Shirika lililoundwa kuendesha kazi, Overseas Food Corporation, lilishika hatamu mwaka 1948, nalo liliwajibika kwa Waziri wa Chakula, John Strachey. Basi wizara ileile iliyohesabu sahani katika hoteli za London ndiyo iliyopeleka matingatinga kung'oa miti Nachingwea. Haya hayakuwa mambo mawili. Pengo katika sahani ya Mwingereza lilikuwa sababu, na mji katika pori la Wamwera ulikuwa matokeo.

Kijiji kidogo kikawa mji wenye karakana, hospitali, uwanja wa ndege na reli, ambayo treni zake zilifika Nachingwea mwaka 1949. Maelfu ya watu walikuja kutafuta kazi, wengi wao wanaume wasio na wake pamoja nao, na mtu asiye na jiko hula kwa posho au hula kwa kununua. Posho ilitoka kwa mwajiri, nayo ilifuata taratibu za kazi zilizotaka mfanyakazi aliyeahidiwa chakula alishwe ipasavyo: unga, maharage, chumvi, na nyama kwa kadiri. Hesabu hiyo iliangalia nguvu za mwili kwa kazi, wala haikuangalia mazoea. Mtu aliyezoea mtama au muhogo alipokea mahindi kwa sababu mahindi yalisagika, yalipakiwa na kupimika kwa urahisi. Hivi ndivyo ugali wa mahindi ulivyozidi kupata cheo cha chakula cha kazi, na muhogo ukabaki chakula cha nyumbani.

Kwa yule aliyenunua, zilikuwapo hoteli za mjini, na juu ya hoteli hizo kanuni za miji zilitaka leseni na ukaguzi wa afya. Mkaguzi aliitwa bwana afya, kama vile mshauri wa kilimo alivyoitwa bwana shamba, na jina hilo lilionyesha kuwa afya nayo ilikuwa na bwana wake. Kazi yake ilikuwa kutazama sakafu, maji, choo, nzi, na mwili wa mpishi. Ndani ya chungu hakutazama sana. Kanuni hizi hazikuwa na neno juu ya bei, juu ya wingi wa sahani, wala juu ya haki kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Kwa Londoni serikali iliingia hotelini kwa ajili ya usawa. Katika mji iliouanzisha yenyewe iliingia kwa ajili ya usafi tu. Usafi ni jambo jema, wala hapana awezaye kuulaumu. Lakini hoteli yenye sakafu ya saruji ilipata leseni, na mwanamke aliyepika chini ya mwembe hakuipata, hata kama chungu chake kilikuwa safi kuliko cha mwenziwe.

Mwezi Januari 1951 mpango wa karanga uliachwa, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Mgawo wa mafuta ya kupikia katika Uingereza ulikwisha mwaka 1954, wala si kwa karanga za Nachingwea. Mashamba yaliyobaki yaliingia mwaka 1955 mikononi mwa Tanganyika Agricultural Corporation, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ulibaki, pamoja na hoteli zake, leseni zake, na desturi ya kula kwa kununua, ambayo ilikuwa imekwisha kuenea katika vituo vya njiani na Ruangwa, ambayo leo ni wilaya kwa nafsi yake.

Baada ya Uhuru mkono ulibadilika, na nia ikawa nyingine. Shirika la Taifa la Usagishaji liliundwa mwaka 1968 likapewa kazi ya kununua, kusaga na kusambaza nafaka. Sheria ya mwaka 1973 ikaunda Tume ya Bei ya Taifa. Shabaha ilikuwa usawa, yaani mtu wa Nachingwea asinunue sembe kwa bei ya kunyonywa kwa sababu tu yuko mbali na bandari. Hapo kwa mara ya kwanza nchi hii ilikaribia wazo lililokuwa katika amri ya London ya mwaka 1942. Ila bei iliyoandikwa haijazi gunia. Uhaba ulipozidi, mwenye hoteli alikuwa na njia mbili: kufuata bei na kukosa unga, au kupata unga na kuvunja bei. Maneno ulanguzi na uhujumu uchumi yalienea katika miaka hiyo, hasa mwaka 1983, mwaka wa msako mkubwa. Mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo nayo yakapewa jina na walaji, wakayaita Yanga, kwa rangi ya timu hiyo ya mpira. Serikali ilitoa kipimo, na watu walitoa mzaha. Na mzaha huo ndio hukumu yao juu ya chakula ambacho hawakukichagua. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na tangu hapo mkono wa bei ulianza kulegea.

Mkono wa usafi haukulegea. Sheria ya ubora wa chakula ya mwaka 1978 ilifuatwa na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 na Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009. Mwaka 2011 zikatoka kanuni za kutia virutubishi katika unga na mafuta ya kula yanayotengenezwa viwandani, na mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Kwa kanuni za mwaka 2011 serikali imeingia hata ndani ya chungu, bila ya mlaji wala mpishi kuona. Lakini kanuni hizo hushika kiwanda kuliko kijiji: muhogo uliotwangwa nyumbani Ruangwa haupiti katika mizani hiyo.

Mabadiliko haya yote yameacha alama katika jina la mwanamke apikaye chakula cha kuuza. Watu walimwita mama ntilie, yaani mama, nitilie. Jina hili ni sauti ya mlaji mwenyewe anyoshaye sahani, nacho kitenzi ki katika kauli ya kutendea: kutia kwa ajili yangu. Ofisi na vyombo vya habari vimependelea mama lishe. Jina hili lina heshima, wala halina kejeli ya barabarani. Lakini lishe imetoka katika kulisha, kauli ya kusababisha, na katika kauli hiyo mlaji si mneni tena, bali ni mwenye kutendewa. Katika jina la kwanza mtu anaomba kipimo chake kwa kinywa chake. Katika jina la pili kipimo kimekwisha kupangwa.

Hapana haja ya kuchagua jina moja na kulitupa la pili. Mlaji wa Nachingwea anahitaji bwana afya amlinde na kipindupindu, na anahitaji mizani isiyomwibia. Kosa la amri nyingi zilizopita halikuwa kupima, kwani soko lisilo na kipimo humwumiza maskini kwanza. Kosa lilikuwa kupima kwa macho ya watu waliokuwa mbali na sahani, mara London, mara Dar es Salaam, bila ya kuuliza kilichomo ndani yake. Waliohifadhi maneno kibaba cha tele na kibaba cha mfuto walikuwa wakijua jambo hili sokoni. Kabla ya kujadili bei, mnunuzi alitazama kwanza ni nani ashikaye kijiti.