PhD ya Mipango Miji: Nani Analipia Swali Lako?

Wasee wa Wabera, leo tuongee historia, halafu tuongee pesa.

Watafiti hupita Isiolo kila mwaka. Wanauliza kuhusu ardhi, LAPSSET na uwanja wa ndege, wanarekodi wazee, wanaenda. Baadaye unasikia mmoja amekuwa daktari wa mipango miji. Huku mtaani bado kuna ploti moja yenye barua mbili. Watu humkasirikia mtafiti. Mimi naona tumuulize aliyemlipa.

Mji huu umepangwa na watu wenye bajeti za mbali tangu zamani. Mwaka 1902 Waingereza walipitisha sheria ya wilaya za pembeni, na mwaka 1934 wakaongeza ya wilaya maalum. NFD ikafungwa, ukitaka kuingia au kutoka unaonyesha kibali. Isiolo ikawa lango. Ndiyo maana hata leo utasikia mzee anayeelekea kusini akisema anaenda "Kenya". Mwaka 1948 Nairobi ilichorewa mpango mkubwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Kwetu serikali iliwaza usalama na mifugo.

Halafu kuna jina la wadi yetu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo. Aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakati NFD inavutana kama ibaki Kenya au ijiunge na Somalia. Nairobi ina Barabara ya Wabera, sisi tuna wadi.

Miaka miwili baadaye ikaja Sessional Paper Namba 10 ya 1965. Ilisema pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Sasa isome hiyo orodha ukiwa umesimama Isiolo.

Hata somo lenyewe lilianza kwa msaada. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua idara ya mipango miji kwa makubaliano ya serikali yetu na Denmark. Sio vibaya, tulipata wataalamu. Lakini mazoea yamebaki: swali ni letu, hundi inatoka ng'ambo.

Kuna dada mmoja wa mtaa wetu, ana digrii ya pili, anataka kusoma PhD. Swali lake ni rahisi: lami ikipanuka na ploti zikijaa, ng'ombe watapitia wapi kufika sokoni? Mji huu unakula kwa mifugo, kwa hivyo hilo sio swali dogo. Njia yake iko hivi. Kwanza aandike pendekezo la kurasa chache, atafute profesa anayelijua jambo hilo na akubali kumsimamia. Kisha ufadhili: DAAD ya Wajerumani hulipia wengine wakisoma hapahapa Afrika Mashariki, na skolashipu za Jumuiya ya Madola zinampeleka mtu Uingereza. Baada ya hapo kibali cha NACOSTI, halafu ajitambulishe kwa kamishna wa kaunti kabla hajamhoji mtu yeyote. Ndiyo, kibali tena, kwenye mji wa mama yake.

Shida iko kwenye ufadhili. Wafadhili wana mada zao, na ng'ombe wa Isiolo hayumo. Ameshaandika upya pendekezo lake mara mbili ili tabianchi itangulie na soko lifuate nyuma.

Na pesa ya kwetu je? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hazina haijafika hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, najua sheria haimlipii mtu karo.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa maoni ya umma, twende tuseme: lipieni PhD moja ya mipango ya Isiolo, mtu achaguliwe kwa uwazi, na tasnifu yake iwekwe mahali ambapo kijana wa Wabera anaweza kuisoma bure. Ukiwa na swali lako kuhusu mji huu, liandike hapo chini. Nitayakusanya yote na kwenda nayo kwenye kikao.